Moyo wa mtoto haukisiwi

Jumatatu iliyopita alifika ofisini petu ndugu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa amejaa furaha hata akashindwa kukaa kitini. Alitoa mfukoni chombo kidogo chenye ukubwa wa simu ya mkononi, kilichounganishwa kwa waya na kitu mfano wa kipaza sauti, akakiweka mezani pangu.

"Dada," alisema, "ukurasa wenu huwashauri wananchi mambo mengi ya nyumbani. Washauri na hili. Mke wangu ni mja mzito wa miezi minane. Sisi hatupangi foleni tena kliniki kwa ajili ya kusikiliza moyo wa mtoto. Chombo hiki nimekiagiza kwa njia ya simu, na tunausikiliza wenyewe kila usiku kabla ya kulala."

Nikamwuliza chombo hicho kinawaonyesha nini. Alijibu bila kusita: "Themanini na nne. Juzi ilikuwa themanini na sita. Mtoto ametulia kabisa."

Ndugu msomaji, nakiri kuwa nilishtuka. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na mara 160 kwa dakika. Mapigo 84 ni mapigo ya mtu mzima aliyepumzika. Basi mambo yalikuwa mawili: ama chombo kile kilikuwa kikihesabu damu ya mama mwenyewe, na kumbe siku zote hizo hapakuwa na mtu aliyemsikia mtoto, ama mtoto alikuwa katika hatari kubwa. Yote mawili hayakuruhusu kungoja. Nilimwomba ampigie simu mkewe saa ile ile, na amfikishe kituo cha afya kabla jua halijatua. Furaha ilimtoka usoni. Aliondoka kwa haraka, hata akakisahau chombo chake mezani.

Yaliyompata nitayaeleza mwishoni, maana yeye na mkewe wameniruhusu. Kwanza yafaa tuelewane juu ya moyo huu wa mtoto, kwa nini husikilizwa, na nani apaswaye kuusikiliza.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa safi humfikia pamoja na damu, kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Uchungu unapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo hubanwa kwa muda, na mtoto hubaki akitumia akiba aliyo nayo. Uchungu unapoachia, damu hurudi, naye huvuta nguvu tena. Hali yake ni kama ya mzamiaji wa pwani azamaye kwa pumzi moja, akaibuka, akavuta nyingine, akazama tena. Mtoto mwenye afya huweza kuzama na kuibuka hivyo saa nyingi bila ya kudhurika. Lakini kama uchungu unafuatana upesi mno, au kondo limedhoofika, au kitovu kimebanwa, akiba huanza kumwishia. Hapo moyo wake hupunguza mwendo, na uchungu ukishapita huchelewa kurudi katika mwendo wake wa kawaida.

Ndiyo maana mkunga aliyefundishwa vema hasikilizi wakati wowote tu. Huanza kusikiliza uchungu ukiwa bado umekaza, akaendelea kwa nusu dakika au zaidi baada ya uchungu kuachia, na kwa jumla hutimiza si chini ya dakika moja. Mkono wake mmoja hushika mshipa wa mkono wa mama, apate hakika kwamba mapigo anayoyahesabu si ya mama. Jambo hilo dogo ndilo lililomkosa ndugu yetu mwalimu na chombo chake. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, limeagiza kuwa mama aliye katika uchungu uliokolea asikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na afikapo hatua ya kusukuma mtoto, kila baada ya dakika 5.

Elimu hii haina umri mkubwa. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alibuni stetoskopu. Miaka miwili baadaye daktari François-Isaac Mayor wa Geneva alieleza kwamba ameusikia moyo wa mtoto kwa kuweka sikio juu ya tumbo la mama. Kisha mwaka 1821 daktari mwingine wa Ufaransa, Jacques-Alexandre Le Jumeau de Kergaradec, aliweka stetoskopu juu ya tumbo la mja mzito akitaraji kusikia mlio wa maji yanayomzunguka mtoto. Maji hakuyasikia, bali alisikia mapigo ya haraka yasiyolingana na mapigo ya mama. Alitambua papo hapo uzito wa jambo lile: kwamba mapigo hayo yangeweza kumjulisha mganga kama mtoto yu hai, kama ni mapacha, na kama yu katika hali njema au dhaifu.

Katika karne hiyo hiyo ya 19, Mfaransa Adolphe Pinard alitengeneza pembe fupi ambayo upande mmoja huwekwa tumboni kwa mama na upande wa pili sikioni kwa mkunga. Ndiyo pembe ile ya mti, ya bati jepesi au ya plastiki ambayo kila mama aliyepata kuhudhuria kliniki ameiona. Haihitaji umeme wala betri. Kinachohitajika ni sikio, saa yenye mshale wa sekunde, na utulivu. Mlio wake hufanana na mlio wa saa iliyofunikwa kwa mto.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kuliandika katika ukurasa huu.

Miaka sita iliyopita nilikwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Niliingia wakati wa magharibi. Mkunga alinipokea vizuri, akanisikiliza kwa pembe, akatabasamu, akaandika. Tangu saa nne za usiku hadi karibu na alfajiri hapakuwa na mtu aliyerudi kuweka sikio tumboni mwangu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali na niliyepewa stashahada kwa sababu hiyo, sikuuliza. Niliona haya. Nilidhani mwanamke anayeuliza sana katika uchungu ni mwanamke mwoga. Mwanangu, mtoto wa kike, alizaliwa wakati waadhini wanaita sala ya alfajiri. Hakulia.

Baada ya majuma kadhaa niliomba kuonyeshwa karatasi ya uchungu wangu. Wakunga huiita patografu. Juu kabisa ya karatasi hiyo pana safu ya mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo hujazwa kila nusu saa. Safu yangu ilikuwa imejaa. Saa nne na nusu, 140. Saa tano, 140. Saa tano na nusu, 140. Na kuendelea hivyo hadi alfajiri, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, hata saa ile ambayo sote wodini tulimsikia mkunga yule akiwa chumba cha pili akipokea mapacha.

Sikuandika mashtaka. Kwa muda mrefu nilimchukia mkunga yule. Siku hizi nafanya hesabu. Usiku ule tulikuwa wazazi wanane na yeye alikuwa peke yake. Tuseme kumfikia mama mmoja, kumshika mshipa, kumsikiliza dakika nzima na kuandika kwahitaji dakika tatu. Kwa wazazi wanane ni dakika 24 katika kila nusu saa. Zabaki dakika sita za kupokea watoto, kuzuia damu, kuita daktari, na kunywa maji. Kazi ile haikuwezekana kwa mtu mmoja, lakini karatasi ilidai ijazwe, naye akaijaza. Laiti angeacha nafasi zile wazi! Nafasi iliyo wazi ingemwambia mganga mkuu kwamba wakunga hawatoshi. Namba ya kukisia ilimwambia kwamba kila kitu ni shwari.

Huenda mwanangu angekufa hata kama angesikilizwa. Hilo hapana awezaye kuniambia, kwa kuwa hapana aliyesikiliza.

La kusikitisha zaidi ni kwamba karatasi yenyewe ni chombo chema, tena imetokea katika Afrika yetu. Madaktari Philpott na Castle waliitangaza mwaka 1972, kutokana na kazi yao katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakiwafikiria wakunga wa mahali ambapo daktari yu mbali, ili waone mapema uchungu unaokwama na kumpeleka mama hospitali ingali mapema. Lakini karatasi haina masikio.

Wapo watakaosema: basi dawa ni mashine. Na tuitazame mashine. Mwaka 1958 daktari Edward Hon wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alionyesha namna ya kufuata moyo wa mtoto kwa umeme wakati wa uchungu bila kukoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashine hizo zilianza kuuzwa. Mama hufungwa mikanda miwili tumboni, mmoja kwa ajili ya moyo wa mtoto na mwingine kwa ajili ya uchungu, na kalamu huchora mistari miwili juu ya karatasi isiyokatika. Katika miaka ya 1970 zilienea katika hospitali za Marekani na Ulaya, kabla haijathibitishwa vya kutosha kwamba zinaokoa.

Uthibitisho ulipotafutwa, majibu hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwaka 1985 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la Dublin, Ireland, lililohusu wazazi wapatao 13,000. Nusu walifungwa mashine, na nusu walisikilizwa na wakunga kwa vipindi. Watoto wa kundi la mashine walipatwa na degedege mara chache zaidi, lakini vifo vilikuwa sawa. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 13 yenye wazazi zaidi ya 37,000, wakaona picha ile ile: degedege ilipungua kwa nusu, jambo ambalo si dogo, lakini vifo havikupungua, ulemavu wa ubongo haukupungua, na akina mama waliopasuliwa waliongezeka. Sababu mojawapo ni kwamba mistari ile yataka msomaji. Mistari mingi inayotisha huwa ni ya watoto wazima, na waganga wawili wakitazama karatasi moja huweza kutofautiana.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi mashine hiyo ya mfululizo kwa mama mwenye afya ambaye uchungu wake umeanza wenyewe. Linapendekeza asikilizwe kwa vipindi, kwa pembe au kwa chombo cha mkononi cha Doppler. Mama mwenye matatizo, mathalani shinikizo la damu, kutokwa na damu, au aliyewekewa dripu ya kuongeza uchungu, ana hukumu yake mbali, na hapo daktari huamua.

Chombo hicho cha Doppler, ambacho ni ndugu wa kile alichokuja nacho mwalimu, hupeleka tumboni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo yakigonga kitu kinachotembea hurudi yamebadilika, na chombo hugeuza mabadiliko hayo kuwa mlio. Huo ndio uwezo wake, na ndiyo hatari yake, maana damu ya mama nayo inatembea. Mikononi mwa mkunga ni chombo kizuri. Jaribio la Harare lililotangazwa mwaka 1994, na lile la Kampala la mwaka 2015, yalionyesha kuwa Doppler huwagundua watoto wenye kasoro ya mapigo wengi kuliko pembe.

Hapa kwetu pia kuna habari ya kujivunia. Kampuni ya Laerdal Global Health ya Norway, ikishirikiana na watafiti wa Tanzania, wakiwemo wa hospitali ya Haydom mkoani Manyara, ilitengeneza chombo kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo. Hufungwa tumboni kwa mkanda, huonyesha mapigo ya mtoto, na mama akigusa kwa vidole huonyesha mapigo yake pia, ili yasichanganywe. Majaribio ya hapa nchini yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa Moyo huwafichua watoto walio taabuni wengi zaidi. Lakini kufichua peke yake hakukuonekana kupunguza vifo.

Kisha mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya mpango mpana zaidi katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukihusu wazazi zaidi ya 280,000. Humo vyombo vya kusikilizia na vya kumpumulisha mtoto viliambatana na mazoezi ya mara kwa mara ya wakunga na waganga papo hapo kazini. Vifo vya watoto, wale waliofia tumboni na waliokufa punde baada ya kuzaliwa, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Hapo ndipo somo lilipo. Chombo kikipata sikio linalorudi, na sikio likipata mikono iliyozoezwa kutenda, mtoto huokoka.

Basi, ndugu zangu, nina mambo manne ya kuwaomba.

Kwanza, akina mama waja wazito: mkunga wa kwanza wa mtoto ni ninyi wenyewe. Mtoto ana desturi yake ya kucheza, ijueni. Ikipungua au ikibadilika, nendeni kituoni siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Msingoje kesho, wala msidanganywe kuwa mtoto huacha kucheza siku za kujifungua zikikaribia. La hasha, hucheza hadi mwisho.

Pili, akina baba: msinunue chombo cha kusikilizia ili kikae mahali pa kliniki. Mama akihisi mtoto ametulia kupita kiasi, chombo cha nyumbani kitawapa mlio wowote, nanyi mtalala kwa amani wakati mlipaswa kuwa njiani.

Tatu, mama aliye katika uchungu, na ndugu aliyeruhusiwa kukaa naye: ulizeni. Semeni kwa adabu, "Mkunga, moyo wa mwanangu unapiga mara ngapi?" Nusu saa ikipita, ulizeni tena. Huko si kumsumbua mtu, wala si woga.

Nne, wakunga wetu na wakubwa wao: nafasi isiyosikilizwa iachwe wazi. Mkunga asiadhibiwe kwa kuacha nafasi wazi, bali mkubwa wake aulize kwa nini mtu mmoja alipewa wazazi wanane.

Namalizia na mwalimu. Alirudi Jumatano pamoja na mkewe. Mkunga wa kituo alimpima mama kwa pembe ya mti, mkono mmoja ukiwa juu ya mshipa wake: mama 86, mtoto 138. Mtoto alikuwa mzima, na namba ile ya kila usiku ilikuwa ya mama yake. Mwalimu alichukua chombo chake kwa haya kidogo. Nilimtazama mkewe nikamwuliza kama usiku ule wote hakuwa na wasiwasi.

"Sikuwa nao, dada," alijibu. "Mtoto alikuwa akicheza. Lakini mwenzangu alikitazama chombo, hakuniuliza mimi."

Mimi nilipewa namba nzuri nikazaa mtoto mfu. Yeye alipewa namba mbaya na mtoto wake yu mzima. Namba zote mbili ziliandikwa na kusomwa bila ya mtu kumsikiliza mtoto. Mama huyu atajifungua mwezi ujao, na mumewe ameahidi kukaa karibu naye na kuuliza kila nusu saa.